Siti binti Saad: Aliingia mjini na kaniki, akiwa mama tayari

Ukisimama Maungu jioni, pale malori yanapoegesha kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, utawaona kina mama wa wadi yetu ya Marungu wakiuza vyakula kwa wasafiri, leso zimefungwa kiunoni. Wengi bado vijana. Lakini fungua mazungumzo ya harusi na utasikia jambo la kusikitisha: fulani haendi tena harusini tangu ajifungue mtoto wa pili. Gauni halimwingii, na akivaa jingine watu wanamsema. Amejiambia atangojea mwili urudi. Miaka inapita, mwili haurudi, naye yuko ndani.

Sisi watu wa pwani tunajua kumtunza mzazi. Kwa siku 40 atakandwa kwa maji moto, atapikiwa uji wa pilipili manga, na tumbo litafungwa mkaja. Zikitimia arubaini, mkaja hufunguliwa. Baada ya hapo ni nadra mtu kumwambia namna ya kuishi na mwili mpya alioupata. Kwa hiyo leo namkumbuka mwanamke aliyejulikana kote pwani, ambaye sifa zake zote alizipata baada ya kuwa mama.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 hivi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na jina hilo lilieleza hali ya familia yake. Baba alikuwa mkulima, mama mfinyanzi, naye binti akajifunza kufinyanga. Hakusoma shule. Alibeba vyungu kichwani kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Mwaka 1911 alihamia mjini, upande wa Ng'ambo. Hakuwa msichana. Alikuwa na miaka 30 na kitu, alikwisha kuolewa na kuachika, na alikwisha kuwa mama. Wala hakuhesabiwa kuwa mzuri wa sura. Vazi lake lilikuwa kaniki, ile nguo nyeusi ya rangi moja.

Msomaji wa leso za leo huenda asijue uzito wa kaniki. Zama za utumwa, kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya mjakazi na ya maskini. Mtumwa hakuachiwa kuvaa apendavyo; hata kufunika kichwa kulikuwa heshima ya waungwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake walioachwa huru wakaitupa kaniki, wakavaa leso za rangi na buibui. Nguo ikawa njia ya mtu kutangaza kwamba sasa mwili wake ni wake.

Hapo ndipo Siti alipoingia. Mpiga udi aliyeitwa Muhsin Ali aliisikia sauti yake akamfundisha kuimba na muziki. Akajiunga na wanamuziki kama Subeit Ambar, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam. Taarab iliyokuwa ya jumba la Sultani na ya Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za watu wa Ng'ambo, za wanawake waliodhulumiwa na za mahakimu waliopindisha haki. Likaja na jina jipya, Siti, la heshima, akaliacha lile la Mtumwa.

Kadiri alivyopanda ndivyo maneno yalivyozidi. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha vyungu na kaniki aliyoingia nayo mjini, na kudai kwamba ukiiondoa sauti hana kitu. Hakuna mwanamke wa Marungu aliyesemwa harusini kwa sababu ya tumbo lake ambaye hataujua uchungu wa maneno hayo. Siti hakujificha, wala hakudai kwamba ni mzuri kuliko wao. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, na kwamba aibu ya kweli ni kukosa akili. Jibu hilo linakumbukwa pwani nzima hadi leo.

Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay na wenzake kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Wakati huo alikuwa akikaribia miaka 50. Santuri zile zikasambaa pwani na bara, na watu waliomsikia hawakumwona sura wala umbo. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kililiita gazeti lake Sauti ya Siti. Uzao wake haukukatika: kitukuu chake, Siti Muharam, naye ni mwimbaji wa taarab.

Sisemi kila mama awe mwimbaji. Nasema Siti hakungojea awe na sura nyingine, wala hakungojea arudi kuwa msichana wa Fumba. Aliiacha kaniki, akabaki na mwili wake, akasimama mbele za watu akiwa mama mtu mzima.

Kwa hiyo dada yangu wa Marungu, gauni la zamani mpe mdogo wako. Pesa za kununua dawa za kupunguza tumbo zipeleke kwa fundi wa pale Voi, akupime ulivyo leo na akushonee dera au gauni linalokukaa. Na ukikosa fundi, ipo leso. Doti moja haina saizi: ilimtosha bibi yako kabla ya kuzaa na ikamtosha baada ya kuzaa watoto wanane. Chagua rangi unayoipenda, soma jina lake vizuri, jifunge, uende harusini.