Pestalozzi, Mwalimu wa Mayatima

Mtoto aliye nyuma darasani huitwa mzito, na mwenye nguo mbovu hudhaniwa hana akili. Katika nchi ya Uswisi palikuwa na mwalimu mmoja aliyeikataa hukumu hiyo maisha yake yote. Jina lake ni Johann Heinrich Pestalozzi.

Alizaliwa mjini Zürich tarehe 12 Januari, 1746. Baba yake alikufa yeye angali na umri wa miaka mitano, akalelewa na mama yake pamoja na mtumishi mmoja mwaminifu. Shuleni wenzake walimcheka na kumpa majina ya mzaha.

Alipokuwa mtu mzima alinunua shamba, akaliita Neuhof, lakini kilimo kilimshinda. Mwaka 1774 aliwachukua watoto maskini akakaa nao hapo, wapate kusoma, kulima na kusokota pamba. Fedha zikamwishia, na mwaka 1780 kazi hiyo ikafungwa. Watu wakamwona ni mtu asiyefaa kitu.

Mwaka 1798 majeshi ya Wafaransa yaliupiga mji wa Stans, na watoto wengi wakabaki bila wazazi. Serikali ikamtuma Pestalozzi kuwatunza, naye ana umri wa miaka 52. Walikusanyika watoto wapatao 80, wengi wao wana upele na chawa, na ni wachache tu waliojua herufi. Msaidizi wake alikuwa mtumishi mmoja wa nyumba. Alikula nao na kulala kati yao. Usiku alikuwa wa mwisho kulala, na alfajiri wa kwanza kuamka. Kabla ya masomo aliwapenda kwanza, mpaka wakamwamini.

Siku moja ilikuja habari kwamba mji wa Altdorf umeteketea kwa moto. Akawauliza watoto wake kama wangependa wapokewe watoto 20 wa huko. Hakuwaficha neno: chakula kingepungua, kazi ingezidi, na nguo zingegawanywa. Wote wakaitikia kwamba waje. Na baadhi yao, miezi michache tu nyuma, walikuwa ombaomba wa njiani.

Mwezi wa Juni, 1799, nyumba ile ilitwaliwa kuwa hospitali ya askari. Pestalozzi hakukata tamaa. Alifundisha Burgdorf, kisha mwaka 1805 akafungua shule Yverdon, katika ngome ya kale. Huko watoto walihesabu vitu vya kushikika kabla ya kujifunza tarakimu. Kabla ya kuonyeshwa ramani walipelekwa bondeni, wakachota udongo, wakalifinyanga bonde lile juu ya meza. Alitaka kichwa, moyo na mkono vikue pamoja. Walimu wa nchi nyingi walikuja kujionea, na mmoja wao, Friedrich Froebel, ndiye aliyeanzisha baadaye shule za chekechea.

Shule ya Yverdon nayo ilifungwa mwaka 1825 kwa ugomvi wa walimu. Pestalozzi alikufa tarehe 17 Februari, 1827.

Nyumba zake zote zilifungwa, lakini watoto aliowaamini walikwisha kuinuka. Wazee wetu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi mwalimu na mzazi wasiharakishe kumkatia tamaa mtoto, na wewe mwanafunzi uliyeshika nafasi ya mwisho muhula huu, usijikatie tamaa mwenyewe.