Habari za Jacobus Capitein, Mchungaji wa Elmina

Tumezoea kusikia habari za wajumbe wa Injili waliotoka Ulaya kuja Afrika. Leo nawaletea habari za Mwafrika aliyeuzwa angali mtoto, akachukuliwa Ulaya, kisha akarudi pwani ya kwao amevaa joho la uchungaji.

Alizaliwa yapata mwaka 1717, Afrika ya Magharibi. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane aliuzwa kwa nahodha Arnold Steenhart, naye akampa rafiki yake Jacob van Goch, mfanya biashara wa Kampani ya Waholanzi ya India ya Magharibi. Huyo ndiye aliyempa jina la Capitein. Kampani hiyo ilikaa katika ngome ya Elmina, katika nchi iitwayo leo Ghana. Wareno waliijenga mwaka 1482, na Waholanzi wakaitwaa mwaka 1637. Merikebu zilileta nguo, bunduki na pombe, zikaondoka na dhahabu, pembe na watu.

Mwaka 1728 van Goch alirudi Uholanzi pamoja na mtoto yule, na huko mtoto hakuwa mtumwa tena. Alikaa The Hague, akajifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Mwaka 1735 akabatizwa Jacobus Elisa Johannes, na mwaka 1737 akaingia chuo kikuu cha Leiden.

Sasa nafika penye uchungu. Mwezi wa Machi 1742 alisimama mbele ya wataalamu akasoma kwa Kilatini hotuba yenye kusema ya kuwa utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo, maana uhuru wa Injili ni wa roho wala si wa mwili. Nimeifikiri sana hotuba hiyo, wala sioni njia ya kuitetea. Ila tujue sababu yake: wenye watumwa waliogopa kwamba mtumwa akibatizwa itawapasa kumwacha huru, kwa hiyo waliwazuia wahubiri. Capitein alitaka kuwaondolea hofu hiyo ili Injili ipite. Waholanzi waliifurahia, ikapigwa chapa mara nyingi.

Mwaka ule ule alibarikiwa huko Amsterdam, akafika Elmina mwezi wa Oktoba. Mshahara wake ulitoka kwa Kampani, na kazi yake ilikuwa katika ngome ile ile ambamo watumwa walifungiwa wakingoja merikebu. Wazungu waliokuja ibadani walikuwa wachache. Yeye hakukata tamaa. Alifungua shule ya watoto, akafasiri Baba Yetu, Amri Kumi na Imani ya Mitume kwa Kifante, vikapigwa chapa Leiden mwaka 1744. Makatekista, ninyi mnaojua taabu ya kutafuta neno moja lifaalo, mtaielewa kazi hiyo.

Alitaka kuoa binti wa pale, lakini wakuu wa kanisa huko Amsterdam walikataa kwa kuwa hajabatizwa. Mwaka 1745 akamwoa Antonia Ginderdros, aliyeletwa kutoka The Hague.

Baadaye alijitia katika biashara, akapata hasara. Alikufa tarehe 1 Februari 1747, umri wake yapata miaka 30, akiacha madeni mengi. Uholanzi iliikataza biashara ya watumwa mwaka 1814, miaka 67 baada ya kufa kwake.