Watoto Waliokuja kwa Muda Mfupi

Ellen White alizaa wana wanne, akazika wawili: John Herbert mwaka 1860, akiwa na miezi mitatu, na Henry mwaka 1863, akiwa na miaka 16. Miaka kumi hivi baadaye, huko Colorado, Marekani, yeye na mumewe James waliwapokea Addie na May Walling, mabinti wa mpwa wake, wakae kwa muda mfupi. Wakakaa miaka mingi. Aliwalea kama wa kuwazaa. Baadaye baba yao akamshtaki mahakamani, kwamba amemnyang'anya upendo wa watoto wake.

Soma Yakobo 1:27. Tope la Mlima Hanang liliikumba Katesh Desemba 2023. Je, kuanzia Mbulu hadi Hanang, ni mtoto gani anahitaji nyumba yako, hata kama malezi yake yatakugharimu?