Omi, jamaa aliyechorwa tatuu uso mzima ili apate kazi

Ukimwambia mzazi unataka kuchorwa tatuu, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: nani atakuandika kazi ukiwa hivyo? Horace Ridler aliigeuza hesabu hiyo juu chini. Yeye alichorwa kwa sababu alitaka kazi. Na hakuanza na kaua kadogo nyuma ya sikio, la. Uso mzima, kichwa, shingo, mwili wote, michirizi myeusi minene kama ya punda milia.

Ridler alizaliwa Uingereza mwaka wa 1892, katika familia iliyokuwa na uwezo. Akaingia jeshini na kupigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokwisha akajikuta pale walipojikuta maelfu ya askari wenzake: nyumbani, bila sare, bila mshahara, na ujuzi ambao hakuna mwajiri aliyeuhitaji tena. Kazi za kawaida hazikumkalia vizuri. Akatupia macho biashara ya maonyesho.

Enzi hizo sarakasi na maonyesho ya mitaani yalikuwa na pembe maalum ya watu walioonekana kuwa wa ajabu: warefu kupindukia, wafupi kupindukia, wanawake wenye ndevu, na watu waliojaa tatuu. Watu walilipa kiingilio ili waje kuwatazama tu. Leo tungeona haya kusimama kwenye foleni hiyo, lakini kwa waliokuwa ndani ilikuwa kazi, na wengine ililipa kuliko kiwanda.

Ridler akachorwa picha kadhaa mwilini na kuanza kujionyesha. Hakuomoka. Shida ilikuwa rahisi kuielewa: soko lilikuwa limejaa. Mashine ya umeme ya kuchora tatuu ilikuwa imesajiliwa New York mwaka wa 1891, na tangu hapo kumpaka mtu wino mwili mzima halikuwa tena jambo la miaka na mikaka. Kufikia miaka ya 1920, mtu aliyejaa tatuu kuanzia shingoni hadi miguuni hakumshtua mtazamaji. Kila sarakasi ilikuwa na wake.

Ndipo Ridler alipopata wazo la kwenda pale ambapo wenzake walikuwa wakiishia. Wengi wao waliacha uso. Wakivaa shati la mikono mirefu na kufunga kola, waliweza kuingia benki, kanisani, hata kwenye ofisi ya kuomba kazi. Uso ndio uliokuwa mlango wao wa kutokea. Yeye aliamua kuufunga.

Mwaka wa 1927 alimwendea George Burchett, mchoraji tatuu aliyevuma kuliko wote London. Burchett hakuwa mtu wa kuogopa sindano, lakini ombi hili lilimfanya asite. Alijua kitu ambacho mteja akiwa na hamu huwa hataki kukisikia: wakati huo hakukuwa na mashine ya miale ya kufuta tatuu. Ukichorwa, umechorwa. Akataka kwanza uhakika kwamba mke wa Ridler, Gladys, anajua na amekubali. Gladys akakubali. Sijui kama kuna usaili mgumu kuliko huo, wa kumwomba mkeo ruhusa ya kuwa mtu mwingine kila atakapokutazama maisha yake yote.

Kazi ile ilikula zaidi ya saa 150, ikigawanywa kwa vikao vingi katika miaka kadhaa. Burchett aliifunika michoro ya zamani kwa michirizi mipana iliyojikunja mashavuni, ikapanda kipaji cha uso na kuzunguka upara. Ridler hakutosheka. Akatanua ndewe za masikio. Akatobolewa pua ili aweze kupitisha pembe, na inasimuliwa kwamba aliyemtoboa alikuwa daktari wa mifugo. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, Horace Ridler alikuwa ametoweka. Aliyebaki aliitwa Omi Mkuu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau wanaposema tatuu ziliharibu au zilijenga maisha ya fulani. Mfalme wa Uingereza wakati Omi anachorwa alikuwa George wa Tano, na huyo mfalme alikuwa na tatuu ya joka mkononi, aliyochorwa Japani mwaka wa 1881 akiwa kijana wa jeshi la majini. Hakuna aliyemnyang'anya kiti. Joka lilikaa chini ya mkono wa koti, na mwenye koti alizaliwa akiwa na kazi tayari. Mabaharia nao walikuwa na nanga na majina ya wapenzi wao mikononi, na meli ziliwaandika tu. Wino ni uleule. Tofauti ni mahali ulipowekwa, na nani anayeubeba.

Omi alipata alichokitaka. Alifanya kazi na sarakasi kubwa za Uingereza, kisha akavuka bahari. Mwaka wa 1939 alikuwa New York, kwenye ukumbi wa maajabu wa Robert Ripley wakati wa Maonyesho ya Dunia. Baadaye akaingia sarakasi ya Ringling, ambayo kwa Marekani ya wakati ule ilikuwa kama kuchezea timu ya taifa. Gladys naye hakukaa nyumbani kusubiri pesa. Alipanda jukwaani kwa jina la Omette, akimtambulisha mumewe kwa watazamaji. Wale wawili waliendesha kampuni ya watu wawili, na bidhaa ilikuwa ngozi ya mmoja wao.

Lakini ngozi peke yake haikutosha kuuza tikiti. Ilihitaji hadithi. Kwa hivyo watazamaji waliambiwa kwamba Mwingereza huyu alitekwa huko New Guinea na kuchorwa kwa nguvu na wenyeji. Uongo mtupu, alichorwa London, kwenye kiti, kwa hiari na kwa malipo. Hapa mimi simwonei huruma. Watu wa visiwa vya Pasifiki wana desturi zao za kuchora mwili, zenye heshima na maana kwao, na yeye akazigeuza kuwa kitisho cha kuuzia tikiti. Ila unaona pia mtego aliokuwamo. Askari aliyechagua mwenyewe kuchorwa uso angeonekana mwendawazimu. Aliyelazimishwa alikuwa shujaa. Ili alipwe kwa uamuzi wake, ilimbidi kila siku aukane uamuzi huohuo.

Kisha vikaja Vita vya Pili. Mwaka 1939, akiwa na miaka 47, yule askari wa zamani alitaka kurudi jeshini. Jeshi likamkataa. Umri haukumsaidia, ni kweli, lakini hebu fikiria ule uso kwenye gwaride. Uliza yeyote aliyewahi kupanga foleni ya makurutu akwambie wanavyokagua: meno, nyayo, ngozi, makovu. Jeshi hutaka watu wafanane. Omi alikuwa ametumia miaka na pesa kuhakikisha hafanani na binadamu yeyote duniani.

Na hiyo haikuwa kazi mpya aliyokuwa akibahatisha. Ilikuwa kazi aliyowahi kuifanya. Alikuwa amepitia moto wake na kurudi hai. Alichobakiwa nacho ni kuwatumbuiza askari, basi akafanya hivyo katika maonyesho ya kuchangia juhudi za vita. Waliovaa sare walikaa kwenye viti wakamtazama. Yeye akasimama jukwaani na pembe puani.

Vita vilipomalizika aliendelea kwa miaka kadhaa, akiongeza rangi ya mdomo na ya kucha kwenye vazi lake, kwa maana watazamaji huzoea chochote, hata uso wa punda milia. Halafu televisheni ikaingia majumbani, na biashara ya kulipa kiingilio ili kumtazama mtu mwingine ikaanza kunyauka. Mtu wa kawaida akifungiwa duka huenda kutafuta kibarua kingine. Omi alikuwa na kazi moja tu duniani, na alikuwa ameivaa.

Alistaafu na kuishi na Gladys mashambani Sussex, kusini mwa Uingereza. Huko hakukuwa na jukwaa wala tikiti, na kila aliyekutana naye njiani aliuona uso ule bure. Alifariki mwaka wa 1969.