Mei Lanfang: mwanamume aliyefuga masharubu ili asiimbe

Mei Lanfang alizaliwa Beijing mwaka 1894 katika ukoo wa waigizaji. Babu yake, Mei Qiaoling, aliongoza kundi la opera na alisifika kwa kuigiza wanawake. Baba yake alishika kazi hiyohiyo, lakini akafariki mtoto akiwa bado mdogo, na baba mkubwa, Mei Yutian, mpiga zeze la nyuzi mbili, ndiye aliyebaki kumlea. Alianza mafunzo akiwa na miaka 8. Mwalimu wake wa kwanza alimkatia tamaa upesi. Isitoshe, macho yake yalikuwa mazito, na katika opera ya Beijing jicho husema kama mdomo. Kijana alijitafutia dawa: akafuga njiwa, akawa anawarusha na kuwafuata kwa macho mpaka wapotee angani.

Opera hiyo ina mafungu manne ya wahusika: sheng ni wanaume, dan ni wanawake, jing ni wenye nyuso zilizopakwa rangi nzito, na chou ni wachekeshaji. Mwanafunzi huingizwa katika fungu moja tangu utotoni na kwa kawaida huzeeka nalo. Kwa kuwa wanawake walikatazwa kupanda jukwaani wakati wa ufalme wa Qing, dan walikuwa wanaume walioimba kwa sauti nyembamba ya juu. Humo ndani kuna qingyi, mwanamke mtulivu wa heshima ambaye kazi yake hasa ni kuimba, na huadan, msichana mchangamfu mwenye maneno mengi.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Qingyi hunena kwa yunbai, usemi wa jukwaani wenye matamshi ya kale ambayo hakuna anayeyatumia sokoni. Huadan husema jingbai, Kichina cha mitaa ya Beijing. Anayepewa fungu, basi, amepewa pia namna ya kusema, pamoja na mwendo na mkono wake. Wang Yaoqing alianza kubomoa ukuta kati ya hao wawili, na Mei akaiendeleza kazi hiyo mpaka likakomaa fungu jipya, huashan. Akisaidiwa na msomi Qi Rushan, aliyemtungia michezo, alimfanya mwanamke mmoja awe na heshima na wepesi kwa pamoja. Yang Guifei wake, suria anayemngoja mfalme asiyefika, hulewa, huinama nyuma na kuinua kikombe kwa meno, na bado ni mtu wa ikulu.

Alikwenda Japani mwaka 1919, kisha Marekani mwaka 1930, ambako vyuo vikuu viwili vilimpa udaktari wa heshima. Huko Moscow, mwaka 1935, Bertolt Brecht alimtazama na baadaye akaandika makala maarufu juu ya uigizaji wa Kichina. Kwa maoni yangu, wageni walimsoma nusu tu: waliona mwili, ilhali yunbai na jingbai viliwapita.

Vita vilipokuja alihamia Hong Kong mwaka 1938. Wajapani walipouteka mji huo Desemba 1941, alifuga masharubu. Jambo dogo kwa mtu mwingine, lakini dan mwenye masharubu hawezi kuwa dan, na kila aliyetaka awaimbie watawala wapya alilisoma jibu usoni pake. Alirudi Shanghai mwaka 1942, akaishi kwa kuuza michoro aliyoichora mwenyewe, na nyumba yake ya Beijing ikauzwa pia. Alinyoa vita vilipokwisha mwaka 1945. Alikuwa na miaka 51 na sauti haikufika tena kule juu, hivyo alirudi jukwaani kwa kunqu, opera ya zamani zaidi inayofuata filimbi.

Sauti ilirejea polepole. Mwaka 1959, akikaribia miaka 65, alitoa mchezo mpya juu ya Mu Guiying, mama anayerudi kuongoza jeshi baada ya miaka mingi ya kukaa nyumbani. Alifariki Beijing Agosti 1961. Mwanawe wa kiume, Mei Baojiu, alirithi majukumu yake ya wanawake. Binti yake, Mei Baoyue, aliigiza wanaume wazee, na ndevu ndefu za bandia kidevuni.