Solomon Linda na Simba Aliyeuzwa kwa Shilingi 10

Ndugu zangu, sidhani kama yupo mtu katika jumuiya yetu ambaye hajaiona The Lion King. Sinema ile ya Disney ya mwaka 1994 imejaa Kiswahili chetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Hakuna Matata. Mle ndani kuna kipande kifupi ambapo Timon na Pumbaa wanaimba The Lion Sleeps Tonight. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ule ni wimbo wa Wamarekani. Kumbe ulizaliwa Johannesburg, na mwenyewe ni Mzulu mmoja aliyeitwa Solomon Linda.

Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, katika wilaya ya Msinga huko Natal. Alisoma shule ya misheni, akachunga ng'ombe kama watoto wenzake, na inasimuliwa kwamba wimbo wake ulitokana na kumbukumbu za kuwafukuza simba waliokuwa wakinyemelea ndama. Mwaka 1931 alifanya walichofanya vijana wengi wa kwao: alikwenda Johannesburg kutafuta kazi. Alifanya kazi kwenye duka la samani, baadaye hoteli ya Carlton, na jioni aliimba. Kundi la wajomba zake, Evening Birds, lilipovunjika mwaka 1933, yeye alilichukua lile jina akaunda kundi lake la watu sita.

Jamaa hao walikuwa watanashati si mchezo. Walivaa suti za mistari, kofia za mviringo na viatu vya rangi mbili. Katika uimbaji pia walileta mambo mapya. Linda mwenyewe alikuwa mtu mrefu, lakini aliimba kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, na chini yake aliwapanga waimbaji watatu wa besi, wakati makundi mengine yalitosheka na mmoja.

Mwaka 1938 Linda alipata kazi Gallo, kampuni ya santuri, ya kufungasha santuri kiwandani. Mwaka uliofuata Evening Birds waliitwa studio ya kampuni hiyohiyo kurekodi. Moja ya nyimbo zao iliitwa Mbube, yaani simba. Walirudia mara tatu, na mwishoni mwa ile mara ya tatu Linda akaachia sauti akitunga palepale, bila kuandika wala kupanga. Zile sekunde chache ndizo zilizozaa ile sauti ambayo leo kila mtu anaweza kuipiga mluzi. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Haki za wimbo huo aliziuza kwa Gallo kwa shilingi 10. Wakati ule hizo hazikufika hata dola mbili za Marekani. Huo ndio ulikuwa utaratibu kwa wanamuziki weusi wa Afrika Kusini: unaimba, unapewa chako mkononi, unakwenda zako. Habari ya mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, haikuwapo. Mbube iliuza nakala zinazokadiriwa kufika 100,000 kabla ya miaka ya 1940 kwisha. Iliwaingia watu hivi kwamba aina nzima ya uimbaji ikaitwa mbube, mama wa isicathamiya ambayo Ladysmith Black Mambazo waliitangaza duniani. Linda alipata sifa, lakini fedha hakuziona.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 santuri ile ilivuka bahari. Alan Lomax, mtafiti wa nyimbo za jadi, alimpa Pete Seeger wa kundi la The Weavers. Seeger aliisikiliza akaandika maneno kadiri alivyoyasikia, na neno la Kizulu ambalo hakulipata sawasawa likageuka kuwa Wimoweh. The Weavers waliurekodi wimbo kwa jina hilo, nao ukapanda chati mwaka 1952. Kwenye lebo mtunzi aliandikwa Paul Campbell. Huyo hakuwa mtu! Lilikuwa jina la kubuni, ambalo kundi na wachapishaji wao walilitumia kukusanya mrabaha wa nyimbo walizozihesabu kuwa za jadi, zisizo na mwenyewe. Seeger, tumtendee haki, alipojua kwamba yupo mtunzi aliye hai aliagiza apelekewe dola 1,000, na alidhani mrabaha ungeendelea kumfikia.

Mwaka 1961 mtunzi George David Weiss na wenzake Hugo Peretti na Luigi Creatore waliupanga upya wimbo na kuutia maneno ya Kiingereza. The Tokens waliuimba, na kabla mwaka haujaisha ukawa namba moja Marekani. Watunzi walioandikwa walikuwa hao watatu.

Wakati huo Linda alikuwa mgonjwa Soweto. Alikuwa ameanguka jukwaani mwaka 1959, na figo zake zikaendelea kushindwa kazi. Alifariki mwaka 1962. Benki aliacha fedha ambazo hazikufika hata dola 25. Mjane wake, Regina, hakuwa na uwezo wa kulijengea kaburi, na ilipita miaka 18 kabla ya kuwekwa jiwe lenye jina lake. Huku wimbo ulikuwa unapigwa redioni karibu dunia nzima.

Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliufuata mkondo wa fedha hizo na kuandika makala ndefu katika jarida la Rolling Stone. Alikadiria kwamba The Lion King peke yake iliuwezesha wimbo kuingiza dola milioni 15. Binti zake Linda walikuwa bado wanaishi Soweto kwa kubangaiza.

Sasa, ndugu msomaji, mtu anaweza kusema: alishauza, ya nini kulalamika? Kisheria hoja hiyo ilikuwa nzito. Tena mjane alitia saini karatasi nyingine mwaka 1983, na mabinti wakatia zao mwaka 1992. Lakini wakili Owen Dean, bingwa wa hakimiliki, alichimbua sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 iliyotumika katika sehemu kubwa ya himaya yake, Afrika Kusini ikiwamo. Ilisema kwamba mtunzi akiuza haki zake akiwa hai, basi miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo zinarudi kwenye mirathi yake, hata mkataba useme nini. Wanasheria hukiita kifungu cha Dickens, kwa jina la yule mwandishi wa riwaya. Linda alikufa 1962, kwa hiyo haki zilirudi 1987. Na kwa hoja ya Dean, zilirudi kwa msimamizi wa mirathi, siyo kwa mtu mmojammoja wa familia, kwa hiyo zile saini za baadaye hazikuziondoa.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2004 dhidi ya Disney. Disney walijitetea kwamba walikuwa na kibali halali kutoka Abilene Music, kampuni iliyosimamia wimbo, na ni kweli walikuwa nacho. Tatizo jingine lilikuwa kwamba Disney ni kampuni ya Marekani. Utaishtakije Pretoria? Hapo mawakili walicheza karata ambayo mimi naipenda kuliko zote. Waliiomba mahakama izishikilie alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini, zaidi ya 200, pamoja na Mickey Mouse na Donald Duck, kama dhamana. Mahakama ilikubali! Hizo ndizo alama zinazobandikwa kwenye fulana, vikombe na mabegi ya watoto, zile ambazo fundi wa mtaani akizichora bila kibali anaweza kupelekwa mahakamani. Safari hii zilikamatwa zenyewe, kwa ajili ya mpakiza santuri wa Soweto.

Mwezi Februari 2006, siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, wakapatana na Abilene. Familia ilikubaliwa malipo ya tangu 1987 na ya mbele, mfuko wa udhamini ukaundwa, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Kiasi hakikutangazwa. Mmoja wa mabinti hakuyaona hayo. Alifariki kwa UKIMWI mwaka 2001, wakati dawa zilikuwa ghali mno kwa watu wa hali yake.

Habari hii inatugusa sisi kwa njia mbili. Disney iliomba kusajili Hakuna Matata kama alama ya biashara ya fulana huko Marekani mwaka 1994, na ikakubaliwa 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga. Alama ile haikumzuia mtu kuyasema maneno hayo. Iliwabana wenye kuuza fulana. Lakini ni maneno ambayo bibi zetu waliyasema kabla hakujawa na fulana yenyewe.

Ya pili ni ya kwetu humuhumu vyuoni. Mtu anatoka nyumbani na wazo, awe fundi mitambo, mwanamuziki au mwandishi wa programu. Siku ya kwanza anapewa rundo la fomu, mojawapo ikieleza kazi yake itakuwa ya nani, naye anazipiga saini zote kwa dakika tano ili awahi kitambulisho cha maktaba. Ile sheria ya 1911 iliyowaokoa kina Linda ilishafutwa Uingereza kwa kazi mpya tangu miaka ya 1950, na Afrika Kusini tangu miaka ya 1960. Kwa kazi tunazozitunga sisi leo kifungu hicho hakipo. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, ombeni nakala, kaeni nayo usiku mmoja, na mkikwama muulizeni mwenzetu yeyote anayesoma sheria. Wapo, na wengi wao hawatozi hata zile shilingi 10.