Felbiger: Abati aliyekwenda kujifunza kwa Walutheri
Johann Ignaz von Felbiger alizaliwa mwaka 1724 huko Silesia, eneo ambalo Prussia iliipokonya Austria na ambalo leo sehemu kubwa iko Poland. Mwaka 1758 akawa abati, yaani mkuu wa monasteri, mjini Sagan. Huko alikuta wazazi Wakatoliki wakiwapeleka watoto katika shule za Kilutheri, kwa kuwa za kwao zilikuwa duni. Hakuridhika kuwakemea. Mwaka 1762 alikwenda Berlin kuzichunguza shule za mchungaji wa Kilutheri, Johann Julius Hecker, hatua isiyo ya kawaida kwa mtu wa cheo chake. Akarudi na utaratibu mpya: watoto wafundishwe pamoja darasani, si mmoja mmoja, na mwalimu naye afunzwe kwanza.

Maria Theresa wa Austria alimwomba kwa Mfalme Friedrich, hasimu wake wa miaka mingi. Tarehe 6 Desemba 1774 ikatolewa sheria iliyowataka wavulana kwa wasichana kusoma kuanzia umri wa miaka 6. Mali za Wajesuiti, waliovunjwa mwaka 1773, zilisaidia kulipia gharama.

Malkia alifariki mwaka 1780. Mwanawe, Joseph wa Pili, alimwondoa Felbiger Vienna mwaka 1782, na abati huyo akafia Pressburg, Bratislava ya leo, mwaka 1788.